Chanjo ya Kompyuta, Awamu ya Kwanza

Ijumaa, 2 Agosti 2002

Mambo vipi, Mdaku wangu! Umefungua daftari la mtu bila hodi, basi karibu, vuta stuli. Ila ukimwambia mtu, shauri yako.

Mimi Bakili. Kwetu Masasi, napanga Buguruni, kazi nafanya steshenari ya Mzee Chandu hapa Mchafukoge. Kuchapa, kutoa kopi, kubaindi. Kompyuta sijafundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kubonyeza. Nikikosea nazima, nawasha, nabonyeza kwingine. Mpaka sasa hakuna kilicholipuka.

Leo balaa na neema zimeingia kwa mlango mmoja.

Balaa: kuna kirusi kipya mjini. Wanachuo wamekiita Kunguru, maana tabia ni zile zile za kunguru wa Bongo. Unageuza shingo tu, sahani nyeupe. Unachomeka disketi yako, unafungua, hakuna kitu. Ripoti hewa. Barua hewa. Kimeanzia chumba cha kompyuta cha chuo cha jirani (jina sitaji, getini wananijua). Na wa mwaka wa mwisho wanakabidhi ripoti zao Ijumaa ijayo, saa sita kamili mchana. Ukichelewa, unarudia mwaka.

Neema: Madam Candida, msimamizi wa chumba hicho, kaja kutoa kopi. Kasema kazi imemzidi, anatafuta msaidizi wa kudumu. Atatazama wiki inayokuja nani anaweza kuzikinga kompyuta za wanachuo mpaka ripoti zipokelewe. Huyo ndiye atampa ufunguo wa chumba. Kompyuta ishirini, Mdaku! Na kiyoyozi!

Tatizo alikuwa anamtazama Chintan.

Chintan ni mpwa wa Mzee Chandu. Ana cheti cha kompyuta. Cheti kina fremu. Anakifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa cha miwani. Mimi cheti sina. Ila kufika jioni, nina mpango.

Jumamosi, 3 Agosti 2002

Mpango wenyewe huu. Umeshaona kina mama kliniki? Foleni ndefu, kadi mkononi, mtoto anachomwa, muhuri unagongwa, mama anaondoka roho kwatu. Hakuna anayeuliza ndani ya sindano kuna nini. Anatazama muhuri.

Sasa: kompyuta ndiye mtoto. Mwanachuo ndiye mama. Nesi ni mimi.

Sindano ninayo. Ni disketi yenye dawa ya virusi, nilikopi kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani anayetengeneza redio na chochote kinachopitisha umeme. Nimeipa jina Mama Sindano. Chintan kaigeuza geuza, kauliza dawa hii ya mwaka gani. Nikasema tisini na nane. Akasema Kunguru hakuwa amezaliwa. Nikamwambia dawa ikikaa kwenye plastiki haiozi. Wivu tu.

Mchana nikaenda Kariakoo kwa Kitwana, mchonga muhuri. Anakaa chini ya mwavuli na wembe na vipande vya mpira wa ndala, na anachonga herufi kwa kinyume haraka kuliko mimi ninavyoziandika sawasawa. Nikamwomba muhuri usemao CHANJO IMEKAMILIKA. Akauliza ni ya kuku au ya mbuzi. Nikasema ya kompyuta. Hakushtuka hata kidogo. Kwenye kiti kile keshachonga mambo mengi. Akaniuliza tu kama nataka ngao pembeni. Nikasema weka ngao. Akauliza na nyota? Nikasema weka na nyota.

Nimeugonga kwenye mkono wangu mara tisa. Unapendeza.

Jumatatu, 5 Agosti 2002

Siku ya kwanza ya kampeni. Ushindi mtupu!

Nilimwomba Mzee Chandu ruhusa ya siku chache. Akasema niende, kwani nikiwepo dukani printa inakwama. Madam Candida naye akanipa meza na benchi mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Nilivaa koti jeupe. Ni la muuza nyama wa Buguruni, lakini nilikuwa nimelifua.

Wa kwanza Abbasi, mwaka wa pili, mashine ya mlangoni. Nikachomeka Mama Sindano. Kijani kikaja kwenye kioo: hakuna virusi. Nikajaza kadi, nikagonga muhuri. Pwaa! Abbasi aliishika ile kadi kwa mikono miwili kama amepewa pasipoti. Hapo foleni ikaanza. Baada ya mashine za chumbani wakaja na disketi zao, hizo nazo nikazigonga muhuri juu. Baada ya disketi wakanipeleka hosteli kwa wale wenye kompyuta zao. Mmoja alileta kikokotoo. Nikamgongea, mwanzo wa wiki sitaki kumnyima mtu.

Na kwa kuwa mimi si babaishaji, naweka rejista. Namba, jina, mashine, saa. Nimeiandika humo humo ndani ya Mama Sindano. Kila nikichanja, naongeza mstari. Ile disketi ina kidude kidogo pembeni, ukikifunga haiandikiki. Nimekiacha wazi, la sivyo rejista ningeiandika wapi?

Leo watu arobaini na tatu.

Chintan kaniuliza jioni kama naamini kweli ile dawa. Nikamwonyesha rejista. Akarudi kwenye fremu yake.

Jumanne, 6 Agosti 2002

Chintan kajibu mapigo. Kakitoa cheti chake ukutani, kakibeba na fremu yake mpaka chuoni, kakitundika kwenye mti wa mwarobaini karibu na geti, kakaa chini yake na kidisketi chake kimoja. Kila mtu anamuuliza maswali, naye anajibu kwa kirefu. Anawaambia wasibadilishane disketi. Wafunge vidude vya pembeni. Wasichomeke kitu cha mtu wasiyemjua. Sasa hiyo ni huduma gani? Mgonjwa kaja unampa mawaidha?

Mchana alikuwa na watu wanne. Mimi foleni ilifika kantini. Nilimhurumia, nikampelekea soda. Akaniambia nipunguze kugonga kwa nguvu, disketi za watu zinapasuka. Kumbe anasikia wivu hadi wa mlio.

Kabla ya kufunga akaja Scholastika. Huyu ni dada wa kwetu Masasi, mwaka wa mwisho, ripoti yake anaichapa pale dukani kwa vidole viwili. Kurasa sitini na nne, kuhusu kwa nini wauza vitenge wa Kariakoo hujipanga mtaa mmoja badala ya kutawanyika. Miezi mitatu kasimama juani na kalamu akiwahoji. Ghala moja la korosho kule nyumbani linamsubiri kwa kazi ya uhasibu, barua anayo, mradi tu amalize mwaka huu. Akirudia, nafasi inaenda kwa mwingine.

Alikuwa na disketi mbili, ripoti na nakala ya akiba. Alitaka nichanje moja tu. Akasema ile ya akiba angependa ikae bila kuguswa na mtu.

Nikamwambia, dada, pacha mmoja unampeleka kliniki, mwingine unamwacha nyumbani?

Kaona aibu. Kanipa zote mbili. Namba themanini na sita na themanini na saba. Pwaa! Pwaa!

Madam Candida kapita, katazama foleni, kanitazama, katabasamu. Ufunguo nauona!

Jumatano, 7 Agosti 2002

Kuna maneno maneno.

Asubuhi Abbasi kaja. Mafaili ya mashine ya mlangoni hayaonekani. Baadaye hosteli, chumba cha tatu. Halafu cha nne. Kufika saa tano nina watu kumi na mmoja mbele ya meza, kila mmoja na kadi yenye muhuri, wote nyuso zimekunjamana.

Nikatulia. Nikakumbuka kliniki. Mtoto akichanjwa, usiku si anapata homa? Mama anashtuka, nesi anamwambia ni kawaida, ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Basi nikawaambia hivyo hivyo. Homa ya chanjo. Ikitulia, mafaili yanarudi yenyewe. Msiwashe sana mashine, zifunikeni zisipate vumbi.

Wakakubali! Nilipita hosteli mchana, kila kompyuta imevishwa khanga. Moja wamewekea na feni.

Waliozidiwa nikawapa dozi ya pili.

Mdaku, nakwambia wewe tu: waliopata dozi ya pili hali ni mbaya zaidi.

Chintan siku nzima alikuwa ananitazama tu toka chini ya mwarobaini. Macho yale sikuyapenda.

Alhamisi, 8 Agosti 2002

Nane Nane. Sikukuu, chuo kimefungwa, maonyesho ya wakulima redioni toka asubuhi. Mzee Chandu kafungua nusu mlango kwa ajili ya wanachuo, akijua kesho ndiyo mwisho. Hajui la kufanya na sikukuu huyu mzee. Akikaa nyumbani anahesabu vigae.

Saa tatu duka limejaa. Wote na disketi. Wote hewa.

Scholastika kaja wa mwisho. Kachomeka ripoti. Kioo kitupu. Kachomeka akiba. Kitupu. Katoa, kapuliza, karudisha. Kitupu. Hakulia. Kaziweka disketi zote mbili kwenye kaunta, kazipanga sawasawa, pembe kwa pembe, akawa anazitazama. Heri angelia.

Nikaanza kueleza kuhusu homa. Hakuna aliyegeuka.

Chintan akaniomba Mama Sindano. Kaigeuza, katazama kile kidude cha pembeni. Kauliza kwa upole kwa nini kiko wazi. Nikasema sasa rejista ningeandikaje? Sasa duka zima likanigeukia.

Akaniuliza:

"Bakili, wa kwanza kumchanja ni nani?"

Nikasema Abbasi, mashine ya mlangoni. Akauliza ile ambayo Kunguru alianzia? Nikasema hiyo hiyo. Na hapo, Mdaku, huku naendelea kusema, kichwa changu kikawa kinanifikia polepole, kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

Dawa ya tisini na nane haimjui Kunguru. Kunguru karuka kutoka kwa Abbasi kaingia kwenye Mama Sindano kupitia mlango niliouacha wazi mwenyewe. Kisha mimi, na koti jeupe, nikampeleka kwa kila mtu. Nikamgongea na muhuri.

Mzee Chandu kavua miwani. "Sindano moja," kasema, "watoto themanini na saba."

Scholastika akasema, bila kupandisha sauti:

"Kwa hiyo ni wewe."

Chintan akamchomeka Mama Sindano, rejista ikafunguka mbele yangu. Nilijua cha kufanya. Kunguru hakuwa ameigusa rejista. Anaanza na ya watu. Na ndiyo ushahidi pekee wa nani nilimgusa, saa ngapi, kwa mpangilio gani. Kuifuta ni kubonyeza mara moja. Bila rejista hakuna kesi: chuo kizima kingekuwa kimeumwa chenyewe. Kidole kilishafika.

Lakini ile rejista! Mistari themanini na saba, imenyooka, hakuna kosa hata moja. Katika maisha yangu sijawahi kumaliza kitu kizima namna ile. Moyo ukakataa. Nikamgeuzia Chintan kioo, nikasema soma, wote wako hapa.

Chintan kasoma toka juu mpaka chini. Halafu kaniambia, mbele za watu, hii ndiyo kazi nzuri ya kwanza niliyoifanya tangu anijue. Maana virusi ukisafisha mashine kumi ukasahau moja, hiyo moja inarudisha kumi. Sasa hakuna wa kusahaulika. Majina yapo.

Kisha akachukua disketi ya akiba ya Scholastika, akasema Kunguru huyu hali mafaili, anayaficha tu. Akaandika amri ya mstari mmoja kwa vidole vyake vyembamba. Kioo kikatikisika. Wauza vitenge wakarudi! Kurasa sitini na nne, na orodha ya vitabu nyuma. Scholastika kashika kaunta kwa mikono miwili, kacheka kicheko kirefu, halafu kanipiga na daftari begani. Mara mbili. Ya pili nadhani ilikuwa ya kirafiki.

Hapo ikawa sherehe. Scholastika anaita majina kwa sauti ya mwalimu wa zamu, mtu akiitwa anajibu nipo, Chintan anasafisha, Abbasi anakimbia hosteli kuleta waliolala na kompyuta zao vichwani. Bi Harshida, mke wa Mzee Chandu, kashuka toka juu na chai ya maziwa na sinia la bhajia. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza ni mimi niliyevisha kompyuta khanga. Nikakiri. Alicheka mpaka akakaa juu ya rimu za karatasi.

Mimi nikapewa kazi moja: kufunga vile vidude vya pembeni, disketi baada ya disketi, na kutogusa kitu kingine chochote. Nimezifunga zote. Saa kumi jioni Scholastika akaita namba themanini na saba, akajijibu mwenyewe nipo.

Mzee Chandu akaniamuru nimvunje Mama Sindano. Nikaenda nyuma ya duka, nikavunja disketi. Kaa!

Ijumaa, 9 Agosti 2002

Siku yenyewe. Tumechapa toka alfajiri. Printa imekwama mara tatu, Mzee Chandu akaniomba nikasimame nje, ikaacha kukwama.

Ripoti ya Scholastika ikatoka saa tano na nusu. Nikaruhusiwa kubaindi. Nimebaindi vizuri, jalada la bluu, plastiki juu. Mkono ukiwa na furaha unafanya ulichouzoesha. Nikagonga muhuri.

Juu ya jalada. Katikati. CHANJO IMEKAMILIKA, ngao na nyota.

Scholastika kautazama. Kanitazama. Muda wa kubaindi upya hakuna. Tukatoka mbio, yeye na viatu mkononi, mimi na ripoti, Chintan nyuma anapiga kelele tusiikunje. Tukafika saa sita kasoro dakika saba. Foleni ya kukabidhi imetoka ofisini, imepita kantini, inakaribia geti. Kila ripoti karani anaipokea, anaandika tarehe, anatafuta kidau cha wino, anagonga muhuri wa chuo, anapuliza. Watu thelathini mbele yetu. Dakika saba.

Scholastika kaniambia polepole kwamba akirudia mwaka atarudia pia kunipiga na daftari, kila siku, mpaka ahitimu.

Ndipo karani akanyanyua macho. Akaona ripoti mikononi mwangu, akaona muhuri, rangi ya zambarau, ngao na nyota. Akatuita mbele kwa ukali: ninyi mmeshagongewa, mnazibia wenzenu foleni kwa nini? Leteni hapa. Akaichukua, akaiweka kwenye fungu la zilizopokelewa, akaandika jina kwenye kitabu. Saa sita kasoro dakika tano.

Scholastika kasema nisipumue mpaka tuvuke geti. Sikupumua. Tulipovuka kaangusha viatu, kanikumbatia, halafu kamkumbatia Chintan, muda mrefu kidogo kuliko mimi, lakini mimi nilikuwa wa kwanza. Wale thelathini nao walipokelewa wote. Madam Candida alitoka mwenyewe, akasema aliyeingia foleni kabla ya saa sita amewahi.

Jioni Madam kaja dukani. Habari zote anazo. Kazi ya kompyuta kampa Chintan. Nikasema hongera, nikamaanisha kama nusu. Kisha kanigeukia. Kasema chuoni hawajawahi kupata mtu wa kuandika rejista namna ile. Ananitaka nikae mlangoni na kauntabuku, niandike nani kaingia, mashine ipi, saa ngapi. Kwa kalamu. Mashine nisiguse. Akarudia: nisiguse. Na kwa vile mlango lazima ufunguliwe mapema, ufunguo wa mlango utakuwa kwangu.

Nimeajiriwa! Kiyoyozi!

Jumapili, 11 Agosti 2002

Mdaku, kaa vizuri. Nimegundua kosa langu lilikuwa wapi.

Nilikuwa nakula bhajia leo, imefungwa kwenye gazeti. Nikasoma karatasi ikiwa na mafuta yake. Ukurasa wa afya. Unajua chanjo inatengenezwa na nini? Na ugonjwa wenyewe! Wanauchukua ule ule, wanaupunguza makali, wanakupa kidogo, mwili unauzoea, basi, haukusumbui tena maisha yako yote.

Sasa unaona? Nilikuwa nawachanja na dawa! Dawa si chanjo! Nilipaswa kuwachanja na Kunguru!

Kunguru ninaye. Mama Sindano yupo chini ya godoro, mzima kabisa. Ile niliyovunja Alhamisi ilikuwa disketi ya mahubiri ya mteja mmoja, nitamwomba radhi akija. Makali nimeshayapunguza: nimempa jina jipya, kifaranga, kwa herufi ndogo.

Safari hii nitakuwa makini. Rejista itakuwa kwenye kauntabuku. Kidude cha pembeni nitakifunga. Na sitagonga kwa nguvu.

Kesho chumba kinafunguliwa saa moja. Chintan anafika saa mbili. Saa nzima, kompyuta ishirini, safi, zimetulia, hazijui lolote. Kumi za kushoto na tisa za kulia ni za wanachuo. Ile ya mbele peke yake ni ya Madam Candida, na ndiyo yenye matokeo ya mwaka mzima, maskini, haina kinga hata chembe.

Ungekuwa wewe, Mdaku, ungeanza na ipi?